Nyungunyungu wa Kiangazi

Tunawaomba radhi wale watakaoisoma safu hii wakiwa mezani, kwani wiki hii tumekusudia kuzungumzia nyungunyungu, na namna ya kuwaweka hai tangu mvua zinapokatika mwezi wa Aprili hadi zinaporejea Novemba. Kilichotufikisha huko ni ukuta wa msikiti wetu hapa Kitete.

Mwezi wa Agosti tuligundua kuwa msingi wa mahali pa kutawadhia umefukuliwa upande wa nyuma, kiasi cha mtu kuweza kupenyeza mkono chini ya ukuta. Maji ya udhu hutokea hapo kwa mfereji na kuishia kwenye migomba michache, na katika kiangazi cha Tabora hapo ndipo mahali pa karibu ambapo udongo haukauki. Watoto walikuwa wakichimba chambo. Tulimkuta mmoja wao akiwa na jembe la mpini mfupi, tukamkaripia mbele ya jamaa waliokuwa wakitoka katika swala ya alasiri, tukamnyang'anya kopo lake na kuliweka juu ya ukuta. Hatukumwuliza neno. Kwa wiki mbili hakuonekana madrasa.

Katika kikao cha kamati, mmoja wetu alitaka mfereji uzibwe kwa saruji, mwingine akataka watoto wafukuzwe kabisa nyuma ya msikiti. Muadhini wetu, ambaye aghalabu hasemi katika vikao, akainua mkono. "Bwana Katibu," alisema, "mtoto yule anatafuta kitoweo. Baba yake yuko safarini tangu mfungo mosi, na kambare anaowavua bwawani ndio mboga ya nyumba ile."

Sisi tulioandika muhtasari wa kikao hicho tuliona haya. Mji wetu haukuzaliwa kando ya maji. Ulikua kwa misafara, wapagazi wa Kinyamwezi wakipita hapa kati ya Bagamoyo na Ujiji, na tangu reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 samaki wengi tunaowala wamekuja kwa behewa, wakiwa wamekwisha kukauka. Kwa anayetaka samaki mbichi bila fedha mkononi, yapo mabwawa ya Kazima na Igombe, ndoana, na chambo. Na chambo ndicho kinachoadimika wakati wa kiangazi.

Nyungunyungu hana mapafu. Hupumua kwa ngozi, na ngozi hiyo sharti iwe na unyevu. Ikikauka, amekufa kwa kukosa pumzi ingawa hewa imemzunguka. Ndugu zetu walioko nchi za baridi huhangaika kumkinga na barafu, hali ya kuwa huku kwetu adui ni ukavu. Udongo wa juu ukianza kupasuka, yeye huteremka chini sana, hujikunja kama fundo ndani ya kijishimo, akajipaka ute na kulala mpaka mvua. Ndiyo maana mtoto mwenye jembe hachimbi pengine ila penye mfereji.

Baada ya swala ya Isha tulikwenda nyumbani kwa yule mtoto kumrejeshea kopo. "Shikamoo, ustadhi," alisema, akasimama nyuma ya mlango. Tulimwambia kuwa tulikosea kumwaibisha. Akalitazama kopo, kisha akauliza kwa adabu, "Na wale waliokuwemo, mliwaweka wapi?"

Tulikuwa tumewaacha juani. Hawakumaliza saa moja. Msomaji anaifahamu hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie wadudu wa ardhini. Tumeisimulia mara nyingi kwa watoto wa madrasa. Usiku ule hatukuwa na jibu.

Basi kamati ikaamua kwamba uchimbaji ufanyike siku moja tu, mbali na msingi, chini ya usimamizi wa muadhini, na watakaopatikana watunzwe katika vyungu. Chungu cha kwanza tulikitengeneza sisi wenyewe, kwa kujiamini. Tulikijaza samadi mbichi ya ng'ombe, tukawatia nyungunyungu, tukafunika kwa mfuniko uliobana. Siku ya tatu tulikuta harufu isiyosemeka. Yule kijana alitia kidole ndani, akakitoa haraka. "Ustadhi, mmewapika."

Alisema kweli. Samadi mbichi huoza kwa joto kali, na chombo kisichopitisha hewa humaliza kazi iliyobaki. Chungu cha pili kilitengenezwa na yeye. Kina matundu madogo chini ili maji yasituame. Udongo ulichotwa pale pale walipotoka nyungunyungu, ukachanganywa na majani ya mgomba yaliyokwisha kuoza na samadi ya zamani iliyopoa. Juu pametandazwa gunia lililoloweshwa, hakuna mfuniko. Chungu kimekaa chini ya mwembe, juu ya mawe matatu yaliyo ndani ya sahani za maji, kwani sisimizi wakiukuta mlango hawabakishi kitu.

Unyevu hupimwa kwa kiganja: ukikamua konzi ya udongo, yatoke matone mawili matatu kati ya vidole. Yakitiririka, wanazama, yasipotoka, wanakauka. Maji ya bomba yenye harufu ya dawa tunayaacha wazi usiku mmoja kwanza. Na kila anayeonekana amekufa aondolewe siku hiyo hiyo, maana anapooza huwaharibia wenzake.

Chakula chao hakina gharama. Maganda ya ndizi, mchicha ulionyauka, pumba kidogo sana ya mahindi, majani ya chai. Kina mama wamezoea kuchemsha chai pamoja na sukari na tangawizi, basi majani hayo yasuuzwe kwanza, la sivyo mtakuwa mmewaita sisimizi kwa mwaliko. Chumvi, pilipili, mafuta na maganda ya ndimu visisogezwe karibu. Wasilishwe tena mpaka cha awali kimeanza kutoweka.

Tumejifunza pia kuwa hawafanani. Wale wadogo wekundu wa kwenye lundo la samadi huzoea chungu na huzaliana humo, wakiacha vifuko vya mayai vidogo mfano wa mbegu ya ndimu. Wale wakubwa wa kijivu, ambao kambare huwapenda zaidi, hukaa tu kama wageni.

Mwingereza Charles Darwin, ambaye katika mambo mengine hatuafikiani naye, kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1881, kilihusu nyungunyungu. Aliwafuga kwenye vyungu ndani ya nyumba yake, akawapigia filimbi wasitikisike. Lakini vyungu vilipowekwa juu ya piano na nyuzi zikapigwa, wakakimbilia mashimoni. Hawasikii sauti, wanahisi mtikisiko. Nasi tulikuwa tumeazimia kuweka chungu cha tatu karibu na mashine ya kusaga.

Tumeulizwa kama inafaa kuwauza. Mafakihi wa Kishafi walipozungumzia wadudu waliangalia manfaa, na ruba anayefyonza damu kwa ajili ya tiba walimruhusu. Aliye na shaka zaidi amwendee shekhe wake. Sisi ni makatibu tu.

Tunaandika haya Oktoba, joto likiwa limefikia kilele. Chungu cha pili kingali na uhai, na udongo wake wa juu tumeuhamishia kwenye matembele ya mama wa kijana yule. Ukuta umejazwa kokoto na kusakafiwa. Mwaka ujao, inshallah, tutaanza Aprili, wakati nyungunyungu wangali juu na hakuna haja ya jembe. Mvua ya kwanza ikinyesha, watakaokuwa wamesalia watamwagwa migombani. Kijana ameomba awamwage yeye, na ameomba kopo tusilishike sisi.