Eti MS ni Ugonjwa wa Wazungu? Acheni Hizo

Wasee, kuna uongo mmoja unafaa kuzikwa leo: eti multipo sklerosisi, yaani MS, ni ugonjwa wa wazungu na nchi za baridi. Kwani huo ugonjwa huomba viza?

MS ni hivi. Kinga ya mwili inageuka na kushambulia mielini, ule utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo kama raba inavyofunika waya wa stima. Raba ikichunika, stima inakatika. Jicho moja linaona ukungu, miguu inakufa ganzi, uchovu unakulaza saa nne asubuhi. Sana sana hushika watu wa miaka 20 hadi 40, na wanawake kuliko wanaume.

Sasa kule kijijini, dada wa miaka 26 akianza kuangukaanguka ataambiwa nini? Amerogwa. Ama anajifanya. Ugonjwa wenyewe unataka MRI na daktari wa neva, na wengi wao wako Nairobi. Familia inauza ng'ombe kabla hata ya kujua jina la ugonjwa.

Halafu mwenye bajeti anaangalia hesabu ndogo ya wagonjwa, anasema shida haiko. Wewe, hao watu hawajapimwa! Bila mashine hakuna hesabu, na bila hesabu hakuna mashine.

Na msituambie dawa ni ndoto. Julai 2023 WHO iliweka dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Hiyo rituksimabu tayari inatumika hapa Kenya kutibu saratani ya limfoma. MS haiponi, sawa, lakini dawa ikianza mapema hupunguza mashambulizi na kuchelewesha ulemavu.

Kuna wale watasema malaria kwanza. Sawa, lakini mama akikosa kutembea akiwa na miaka 30, nani analea watoto wake? Gharama haijapotea, imesukumiwa nyumbani.

Kwa hivyo Wizara ya Afya ianzishe rejista ya wagonjwa. SHA ilipie MRI na dawa bila kuacha familia na deni. Kaunti zifunze maafisa wa kliniki hizi dalili.

Na wewe, gavana wako akija kuomba kura, muulize swali moja tu: mgonjwa wa neva kaunti hii anapimwa wapi?