Kompyuta ikikataa kurudi nyuma, usikimbilie kufuta

Mpenzi msomaji, je, kompyuta yako ya nyumbani ikigoma usiku wa leo, una hakika itakubali kurudi ilivyokuwa jana? Usijibu kwa haraka. Mimi nilidhani nalijua jibu, hadi Jumamosi moja jioni nilipofunzwa adabu sebuleni mwangu.

Binti yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa amebakiza siku 2 awasilishe tasnifu yake. Aliazima printa kwa jirani, akaweka programu yake katika kompyuta yetu ili achape kurasa za mwanzo. Tangu hapo, kila baada ya dakika kadhaa kioo kikawa kinageuka buluu, kisha mashine inajizima na kuwaka upya.

"Baba, kazi yangu yote imo humu, na sina nakala nyingine," akaniambia huku machozi yakimlengalenga.

Nikamtuliza. Windows ina huduma iitwayo System Restore, iliyoanza na Windows Me mwaka wa 2000. Kompyuta hujiwekea alama ya marejeo, na siku ya mkosi huweza kurudisha faili za Windows, mipangilio na programu zilivyokuwa siku ya alama hiyo. Nikachagua alama ya juzi yake, tukangoja. Baada ya nusu saa ikatujulisha kwamba kazi haikukamilika, na hakuna kilichobadilishwa.

Nikampigia fundi simu. "Mzee, hapo dawa ni moja tu. Tufute kila kitu, tuweke Windows upya."

Hapo ndipo wengi hupoteza mali yao. Yakikupata kama hayo, kwanza nakili kazi yako kwenye flashi. Sisi tulifanya hivyo mbio mbio, kabla mashine haijazima tena. Ukisha kuwa na nakala mkononi, utatafuta kosa bila kutetemeka.

Anza kwa kuuliza kama huduma yenyewe imewashwa. Katika kompyuta nyingi za Windows 10 na Windows 11 huwa imezimwa, na mwenyewe hana habari. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika "Create a restore point". Utaona orodha ya diski. Ikiwa diski C imeandikwa "Off", bonyeza "Configure", chagua "Turn on system protection", kisha uitengee nafasi, tuseme asilimia 5 hadi 10 ya diski.

Nafasi hiyo ikiwa finyu, alama za zamani hufutwa ili mpya zipate pa kukaa. Ndiyo maana mtu hutafuta alama ya mwezi uliopita asiione. Tena jihadhari: ukiizima huduma hii, alama zote za diski hiyo hupotea papo hapo.

Huenda pia imewashwa lakini haiwezi kuweka alama. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika "services.msc", kisha utafute "Volume Shadow Copy". Ikiwa imeandikwa "Disabled", ibadilishe iwe "Manual". Faili za Windows zenyewe zikiwa zimeharibika, fungua "Command Prompt" kwa mamlaka ya msimamizi, uandike "sfc /scannow", uiache mashine izikague na kuzitengeneza.

Kosa letu sisi halikuwa lolote kati ya hayo. Alama ilikuwepo, ila programu ya kukinga virusi ilikuwa inazuia faili zisibadilishwe. Mlinzi alikuwa amemfungia nje mwenye nyumba! Dawa yake ni kuingilia mlango wa nyuma. Shikilia kitufe cha Shift huku ukibonyeza "Restart". Kioo kipya kikitokea, chagua "Troubleshoot", kisha "Advanced options", kisha "System Restore". Huko ndani Windows yenyewe haijawaka, na mlinzi yule bado amelala.

Tulifanya hivyo saa nne usiku. Safari hii kazi ikakamilika. Programu ya printa ikatoweka, na rangi ya buluu hatukuiona tena. Binti yangu aliichapa tasnifu Jumatatu asubuhi katika duka la mjini, akaiwasilisha kwa wakati.

Lakini msomaji, usidanganyike kwamba System Restore ndiyo iliyoiokoa tasnifu. La hasha! Huduma hii haizigusi barua, picha wala kazi zako za shule. Haizifuti, lakini haizihifadhi pia. Diski ingekufa usiku ule, au fundi angefuta alivyotaka, alama zote za marejeo zingekwenda pamoja na tasnifu. Kilichotuondolea hofu ni ile flashi ndogo.

Basi leo, kabla ya chakula cha jioni, fanya mambo mawili. Hakikisha huduma imewashwa, uweke alama mpya kwa mkono wako. Kisha nakili kazi za watoto na picha za jamaa mahali pengine nje ya kompyuta hiyo. Wahenga walinena kwamba akiba haiozi.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri ya kuonana.