Simu Haitoshi

Mwandishi wa makala ya wiki jana anadai kuwafundisha vijana kupenda saa za mitambo ni kupoteza muda, kwa kuwa simu inatosha. Sikubaliani naye hata kidogo. Simu inakutajia saa tu, haikuonyeshi inavyopimwa. Mpe binti wa miaka kumi saa ya Seiko 5 yenye mgongo wa kioo, aone gurudumu la mizani likicheza huku na huku, mapigo 21,600 kila saa moja, bila betri, springi ikikazwa na mwendo wa mkono wake mwenyewe. Maswali hayatakwisha! Mwaka 2020 UNESCO iliuorodhesha ufundi wa saa za mitambo wa Uswisi na Ufaransa kuwa urithi wa binadamu, lakini orodha haimfunzi mtu. Tuwape watoto saa mbovu ya babu waifungue wenyewe, kwa bisibisi ndogo, juu ya kitambaa cheupe ili skrubu zisipotee.