Kiti Kidogo Kando ya Moto

Wako watu wazima ambao hutokwa na machozi wakikumbuka televisheni ya utotoni mwao. Mimi siwacheki, kwani kila mtu ana haki ya kupenda kilichomlea. Ninachowalaumu ni kwamba wameyafanya machozi hayo kuwa malipo ya deni, na deni lenyewe bado lipo.

Majira ya baridi ya mwaka 2024 nilikuwa Toronto, nyumbani kwa binti yangu aliyeolewa huko. Jioni moja walikuja rafiki za mkwe wangu, watu wa miaka hamsini na ushei, wote wamelelewa Kanada. Baada ya chakula mazungumzo yakaangukia vipindi vya watoto walivyovitazama zamani, na mara sebule ikachangamka. Mmoja akaigiza sauti ya jogoo, mwingine akapiga mluzi wa wimbo wa kufungulia kipindi. Wakati huo mjukuu wangu wa miaka sita alikuwa amesimama kando ya baba yake, karatasi mkononi, akimvuta shati ili amwonyeshe picha aliyoichora. Aliambiwa "subiri kidogo" mara tatu. Mara ya nne akapewa simu. Akaenda nayo pembeni, na wakubwa wakaendelea kusimulia jinsi walivyopendwa na televisheni. Nami nilikuwa miongoni mwao, nikicheka.

Hebu tutazame walichokuwa wakikikumbuka. Cha kwanza ni The Friendly Giant, kipindi cha robo saa kilichoonyeshwa na CBC, shirika la utangazaji la umma, kuanzia mwaka 1958 hadi 1985. Jitu hilo jema lilikaa katika ngome, na mwigizaji wake alikuwa Bob Homme. Rafiki zake walikuwa Rusty, jogoo aliyekaa katika mfuko uliotundikwa ukutani, na Jerome, twiga aliyechungulia dirishani. Kila siku jitu lilipanga viti vidogo kando ya moto: kimoja cha mtoto mmoja, kingine cha wawili wa kujikunja pamoja, na kingine cha yule apendaye kubembea. Halafu kitabu kikasomwa au ala zikapigwa, na mwisho viti vikaondolewa.

Cha pili ni Mr. Dressup cha Ernie Coombs, kilichoanza mwaka 1967 na kurekodiwa hadi 1996, vipindi zaidi ya 4,000. Humo mtu mmoja alichora, akakata karatasi kwa mkasi, akapaka gundi, akafungua sanduku lake la mavazi na kujigeuza atakavyo. Alizungumza na Casey na mbwa Finnegan, ambao walikuwa vikaragosi, kwa heshima ile ile ambayo mtu humpa mgeni.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu akiuliza swali, anyamaze. Asimnyang'anye mtoto nafasi ya kufikiri. Watangazaji wale wawili waliijua kazi hiyo. Walikuwa na subira, na subira ndiyo mtoto anayoielewa kuwa ni upendo.

Sasa wale rafiki za mkwe wangu walisema kwamba vipindi vile vilikuwa vizuri kwa sababu watu wa zamani walikuwa wema, na kwamba upole ule ndio damu ya Kikanada. La hasha! Homme na Coombs wote wawili walizaliwa Marekani. Homme alilianza jitu lake Wisconsin. Coombs aliingia Kanada mwaka 1963 pamoja na Fred Rogers, na Rogers aliporudi kwao, yeye akabaki. Uraia wa Kanada aliupata mwaka 1994. Walichokikuta Kanada ni shirika la umma lililokubali kumlipa mtu mzima ili azungumze polepole na watoto, mwaka baada ya mwaka. Damu haikuhusika. Ilikuwa ni fedha za walipa kodi na uamuzi.

Na kilichojengwa kwa uamuzi huvunjwa kwa uamuzi. The Friendly Giant kilifikishwa mwisho wakati shirika lilipokuwa likibana matumizi. Katika miaka ya 1990 fedha za CBC zilikatwa tena, na kwa kiasi kikubwa. Watoto wa kiti kidogo walikuwa tayari watu wa kupiga kura. Ni wangapi kati yao walioandika japo barua moja kwa mbunge wao?

Nisije nikaambiwa kwamba haikuwezekana. Jimbo la Quebec lilipiga marufuku matangazo ya biashara yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 13, na sheria hiyo ilianza kutumika mwaka 1980. Kampuni ya vichezeo ilikwenda mahakamani kuipinga, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Kanada, na mwaka 1989 mahakama ikaiacha sheria isimame. Watu wale walimpenda mtoto kwa sheria, si kwa nyimbo za kukumbuka.

Aidha, kumbukumbu tamu husema uongo. Haikuwa kweli kwamba kila mtoto wa Kanada alikuwa na kiti kando ya moto. Katika miaka hiyo hiyo watoto wa wenyeji wa asili walikuwa bado wanatengwa na wazazi wao na kupelekwa katika shule za bweni ambako lugha zao zilipigwa vita. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilieleza mwaka 2015 kwamba zaidi ya watoto 150,000 walipitia shule hizo katika vizazi vyote. Mimi mwalimu mkuu mstaafu nasoma habari hizo kwa haya, maana zilitendwa kwa jina la elimu. Walakini Wainuiti wa kaskazini hawakukaa kulia. Mwaka 1981 walianzisha shirika lao la utangazaji, na katika miaka hiyo ya 1980 wakawatengenezea watoto wao kipindi cha Takuginai, chenye vikaragosi visemavyo Kiinuktitut. Walionyimwa kiti walijitengenezea chao.

Watasema dunia imebadilika, na simu haiwezi kurudishwa dukani. Sawa. Lakini mkasi, gundi na karatasi bado vinauzwa, na subira haijawahi kuuzwa mahali popote. Ikiwa kipindi kile kilikufaa, lipia cha mtoto wa leo: kwa kodi yako, kwa kura yako, na zaidi kwa robo saa yako.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu nimemwona kwa macho yangu, amekaa pembeni mwa sebule, uso wake umeangazwa na simu, na karatasi yake iko chini ya meza. Ukilikumbuka lile jitu jema, ndugu yangu, usiniimbie wimbo wake. Sogeza kiti.