Siku ya Tatu, Jembe

Wahenga walituachia methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika koo zetu za pwani nusu ya kwanza tumeitunza kwa fahari kubwa. Nusu ya pili tumeisahau, na hapa Landover usahaulifu huo unawagharimu vijana wetu wanaokuja kutafuta makazi.

Zamani, aliyeshuka jahazini Mombasa au Unguja akitokea Shihiri au Sur hakuulizia nyumba, aliulizia jamaa. Alilazwa ukumbini hadi apate chumba chake, na aliyempangisha aliridhika na neno la mwenyeji wake. Jina la ukoo lilikuwa dhamana tosha. Baada ya mwaka 1964, familia nyingi zilizoondoka Zanzibar zilisitiriwa kwa desturi hiyohiyo, katika nyumba za jamaa za Dar es Salaam, Mombasa, Dubai na Muscat.

Leo mgeni huyo anafika Kaunti ya Prince George's. Landover inamfaa: kituo chake cha Metro, kilichofunguliwa mwaka 1978, humpeleka katikati ya Washington bila gari, na kituo kinachofuata, New Carrollton, kina treni za Baltimore na New York. Lakini mlango wa fleti hufunguliwa kwa karatasi. Msimamizi huuliza uthibitisho wa mapato, historia ya mikopo na jina la mwenye nyumba aliyetangulia. Ukoo wetu, hata ukiwa mashuhuri kiasi gani Lamu, hauna nafasi katika fomu hiyo.

Namjua kijana wetu aliyekaa kwa jamaa miezi kumi na minne. Alilipa kila mwezi, fedha taslimu, mkononi. Mwenyeji alikuwa mtu mwema, wala hakumdhulumu hata senti. Mwenyeji alipohamia jimbo jingine, kijana alianza kutafuta fleti, akaonekana kana kwamba aliteremka uwanja wa ndege jana. Hakuwa na mkataba, risiti wala bili yenye jina lake. Miezi kumi na minne ya uaminifu haikuacha alama yoyote.

Wapo wazee watakaosema kwamba kuandikiana baina ya jamaa ni kuvunjiana heshima. Nawaomba wakumbuke kuwa aya ya 282 ya Sura al-Baqara inaagiza deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Wakumbuke pia hati za nyumba na za wakfu ambazo mababu zetu waliziandikisha mbele ya mashahidi. Kuandika ni mila yetu.

Wengine watasema: hati zilimfaa nani mwaka 1964, nyumba zilipotaifishwa na karatasi zikabaki masandukuni? Jibu ni kwamba karatasi ina nguvu pale penye mahakama ya kuisoma. Katika Jimbo la Maryland, mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji kwa nguvu zake bila amri ya mahakama. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, amana kwa kawaida haipaswi kuzidi kodi ya mwezi mmoja. Nayo hurejeshwa ndani ya siku 45 baada ya upangaji kwisha, na kila makato yaelezwe kwa maandishi. Hata mapatano ya mdomo yana nafasi yake kisheria, lakini mbele ya hakimu ni lazima uyathibitishe, na neno la ukumbini halina shahidi.

Basi, ndugu zangu mlio wenyeji, jembe la leo ni hili. Kabla mgeni hajapanda ndege, someni mkataba wenu wenyewe, kwa kuwa mikataba mingi ya fleti hutaja majina ya wakaao. Ombeni ruhusa, jina lake liongezwe. Ikiwa nyumba ni yenu, andikeni ukurasa mmoja: chumba kipi, kodi kiasi gani, tangu lini, na notisi ya siku ngapi. Mpelekeni benki wiki ya kwanza. Pokeeni kodi kwa hundi au kupitia benki, mkampe risiti. Karatasi hizo ndizo atakazozionyesha anapotafuta fleti yake, na nyingine zitamsaidia kuthibitisha makazi anapoomba leseni ya udereva au anapomwandikisha mtoto shule.

Na ikiwa mkataba wenu haukuruhusuni kumpokea, mwambieni mapema, angali kwao. Itauma, na huenda shangazi mmoja akanuna hadi Idi. Lakini ni heri kijana asikie ukweli angali Mombasa kuliko kuusikia Landover mwezi wa Januari, masanduku yakiwa nje mlangoni.