Mwaka wa mafanikio usihesabiwe kwa idadi tu

Nina dukuduku juu ya mtindo wa kupima mafanikio ya mwaka kwa idadi peke yake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Hivi karibuni nilikuwa nikifundisha habari za usafiri. Niliwaambia wanafunzi kwamba kampuni ya Boeing ya Marekani, inayotengeneza ndege za abiria, za mizigo na za kijeshi, ilikabidhi kwa wateja wake ndege 806 za kiraia mwaka 2018, idadi ambayo ilikuwa haijapata kuifikia. Mwanafunzi mmoja akanyoosha kidole, akauliza: "Mwalimu, zote 806 zilikuwa nzima?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka.

Ndugu Mhariri, huo kweli ulikuwa mwaka wa sifa kwa kampuni hiyo. Machi 2018 ilitoa ndege yake ya 10,000 ya aina ya 737 katika kiwanda cha Renton. Julai nchi yetu ilipokea Boeing 787, nasi wananchi tulifurahi. Septemba Jeshi la Anga la Marekani liliipa mkataba wa hadi dola bilioni 9.2 wa ndege za kufundishia marubani. Mwaka ulipokwisha, mapato yalikuwa yamepita dola bilioni 100 kwa mara ya kwanza.

Lakini Juni ya mwaka huo huo, meneja mmoja wa kiwanda cha Renton, Ed Pierson, aliwaandikia wakubwa wake kwamba mafundi wamechoka na kazi inaharibika, akashauri uzalishaji usimamishwe kwa muda. Haukusimamishwa. Kasi ilipandishwa ikafika ndege 52 kwa mwezi.

Oktoba 29, ndege mpya ya 737 MAX ya shirika la Lion Air ilitumbukia baharini huko Indonesia na watu 189 wakafa. Ilibainika kwamba ndani ya ndege hiyo ulikuwamo mtambo wa kompyuta wa kuisukuma pua ya ndege chini, na mtambo huo ulitegemea kipimo kimoja tu. Kipimo kikikosea, mtambo nao ulikosea. Kitabu cha rubani hakikuueleza. Desemba, wataalamu wa idara ya usalama wa anga ya Marekani walikadiria kwamba bila marekebisho ndege za aina hiyo zingeweza kuanguka mara 15 hivi katika muda wote wa matumizi yake. Zikaachwa ziendelee kuruka.

Machi 10, 2019, ndege nyingine ya aina hiyo, ya Shirika la Ndege la Ethiopia, ilianguka dakika sita baada ya kuondoka Addis Ababa. Ilikuwa inakuja Nairobi. Watu 157 walikufa, 32 kati yao wakiwa majirani zetu Wakenya. Hapo ndipo ndege hizo ziliposimamishwa duniani kote.

Huenda msomaji akasema hayo yamepita, mtambo umerekebishwa, na sisi wenyewe tangu Oktoba 2023 tunazo 737 MAX. Ni kweli. Lakini Januari 5, 2024, ndege ya aina hiyo ya shirika la Alaska ilipoteza kizibo cha mlango ikiwa angani na abiria 171. Kwa bahati hakuna aliyekufa. Wachunguzi walieleza kwamba kizibo kilifunguliwa kiwandani ili ribiti zitengenezwe, kikarudishwa bila bolti zake nne. Kazi hiyo haikuandikwa popote. Bolti nne tu, Ndugu Mhariri!

Siandiki haya kwa kujiona mwema. Mwaka mmoja niliandika katika taarifa yangu kwamba darasa langu lote la tatu limepanda darasa. Idadi ilikuwa sahihi, nami nikasifiwa. Lakini mlikuwamo mtoto asiyejua kusoma, nami nilijua. Nilikutana naye tena darasa la sita, bado anashika kitabu na kusubiri mwenzake aanze ili afuatishe. Miaka mitatu ya mtoto yule ilipotea kwa sababu ya mstari mmoja ambao sikuuandika.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kwanza, kila taarifa ya mwaka, iwe ya kampuni kubwa ya ndege au ya shule ya kijijini, iwe na ukurasa wa kasoro, utakaosema nani aliziona na zimefanyiwa nini. Pili, anayesema "simamisheni kazi kwanza" asihesabiwe kuwa adui wa maendeleo. Tatu, wahusika wa usafiri wa anga hapa nchini, kila tunapopokea ndege mpya, watueleze si bei na idadi ya viti tu, bali pia jinsi inavyokaguliwa na jinsi mafundi wetu walivyofunzwa. Mwananchi ana haki ya kujua hayo kabla ya kupanda ngazi na kufunga mkanda.

Yule mwanafunzi nilimjibu kwamba hapana, si zote zilizokuwa nzima, na kwamba wapo waliojua wakanyamaza. Aliandika jibu hilo katika daftari lake. Natumaini hatalifuta.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kondoa.