Nani Kabomoa?

Waandishi wenzangu, leo nina ugomvi nanyi. Chanzo ni kitenzi.

Mama yangu alikuwa akiuza chapati kwenye kibanda kando ya barabara. Asubuhi moja mgambo wakaja na nyundo, wakakivunja. Rafiki yangu mshairi akatunga, akatusomea: kibanda kimebomoka, mama analia. Watu wakapiga makofi. Mimi nikanuna.

Kimebomoka? Kwani kilichoka kusimama?

Hebu tazameni. "Mgambo wamebomoa kibanda": watenda wapo mbele, tunawaona. "Kibanda kimebomolewa": wamejificha, ila ukitaka unawavuta shati, kimebomolewa na mgambo, kwa nyundo. Lakini "kimebomoka na mgambo"? Jaribu kusema hivyo sokoni, utachekwa. Kauli ya kutendeka haina kiti cha mtenda. Nyumba ya udongo ikilowa mvua hubomoka, sawa. Kibanda cha mama hakikulowa.

Halafu sikieni hii: "Wamembomolea mama kibanda." Silabi mbili tu zimeongezeka, -m- na -le-, na mama kaingia ndani ya kitenzi. Hasara sasa ni yake.

Msiniambie eti ni ufundi wa ushairi. Wakubwa nao wanaipenda kauli hiyo: fedha "zimetumika", faili "halionekani". Nasi tuwaige?

Ukishika kalamu, jiulize: nani katenda, nani katendewa, kwa kitu gani? Kama unaogopa kumtaja mtenda, sema "kimebomolewa", msomaji atauliza na nani. Ukisema "kimebomoka", umemfungia hata swali.